Mtoto wa Walimu, Mtoto wa Shemasi

Waswahili husema siku za mwizi ni arobaini. Hapa Malolo methali hiyo husikika zaidi msimu wa ufuta na korosho, fedha za mnada zinapoingia na kila mwenye simu anatazama ujumbe wa benki mara kumi kwa siku. Sisi wanajumuiya tulioombwa kuandika sura hii tuliijadili methali hiyo jioni kadhaa, na tukaona inaishia mapema mno. Inatuambia kwamba mwizi atakamatwa. Haituambii anaishi vipi katika hizo siku thelathini na tisa, nani anamlisha na nani analia kwa ajili yake. Tena haisemi lolote kuhusu siku ya arobaini na moja, ile ambayo mtu aliyekamatwa, akafungwa na kumaliza kifungo, anasimama kwenye kona ya njia ya kwao akiwa na mfuko wa nailoni mkononi.

Kwa hiyo tumechukua habari za watu wawili walioiba benki na kukimbia. Mmoja ni wa Kenya, jirani yetu. Mwingine ni wa Marekani, na aliishi wakati babu zetu walipokuwa vijana. Wote wawili walitoka katika nyumba za watu waliojulikana kwa heshima, na hilo ndilo lililotugusa.

John Kiriamiti alizaliwa mwaka 1950 huko Murang'a, Kenya ya kati. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi. Tunaomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Katika vijiji vyetu mwalimu ndiye anayesomewa barua na kuandikiwa barua, ndiye anayeitwa ugomvi wa mpaka wa shamba unapotokea, na mtoto wake hutazamwa na kijiji kizima. Utoto wa Kiriamiti uliangukia miaka ya hali ya hatari, vita vya Mau Mau vilipokuwa vikiendelea na serikali ya kikoloni ikiwahamishia watu wa Murang'a katika vijiji vya ulinzi. Hata hivyo alisoma vizuri, akafika hadi Nairobi katika shule iliyokuwa ikiitwa Prince of Wales, ambayo miaka michache kabla ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Hakumaliza hata mwaka wa kwanza. Alifukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi.

Mtoto wa walimu amefukuzwa shule. Angerudije nyumbani? Alibaki mjini, na akiwa na umri wa miaka 15 hivi alikuwa tayari ameshaingia katika kazi ya kuchomoa pochi mifukoni mwa watu. Kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine: pochi, magari, maduka, hatimaye benki na fedha za mishahara zikiwa njiani. Mwizi wa mfukoni hujifunza kukimbia kwa miguu. Mwizi wa benki anahitaji gari, dereva, bunduki, mtu wa ndani wa kumpa habari, na nyumba ya kujificha baadaye. Maana yake ni kwamba anahitaji watu wengi wa kuwaamini, huku kila mmoja wao akiwa ndiye anayeweza kumuuza. Kitabu chake, My Life in Crime, kilichotoka mwaka 1984, kimejaa jambo hili. Wengi hukisoma kwa ajili ya mbio na risasi. Sisi tulikuta humo mtu asiyelala.

Katika kitabu hicho anajiita Jack Zollo. Majina ni sehemu ya kazi: jina moja kwa polisi, jingine kwa marafiki, jingine kwa mwenye nyumba. Mambo yanapomzidi anavuka mpaka na kukimbilia Kongo. Kuna pia msichana, Milly, ambaye kwa muda mrefu hajui fedha zinazomnunulia zawadi zinatoka wapi. Mwaka 1989 Kiriamiti alitoa kitabu kingine, My Life with a Criminal, akiisimulia habari ile ile kwa mdomo wa Milly. Kwa maoni yetu kitabu hiki cha pili ni cha maana kuliko cha kwanza, ingawa hakikupata sifa sawa. Cha kwanza kinaonyesha mtu anavyokimbia. Cha pili kinaonyesha mtu anayesubiri dirishani, ambaye kila swali lake linajibiwa kwa uongo mtamu. Akina mama wa jumuiya yetu waliposimuliwa habari hizi walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Si wageni wa kusubiri dirishani.

Baada ya wizi wa Novemba 1970 alikamatwa, na Januari 1971 alihukumiwa. Alikuwa na miaka 20. Hukumu: kifungo cha miaka 20 na viboko 48. Alipelekwa gereza la ulinzi mkali la Naivasha. Alikuwa na bahati ambayo hakuijua. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1970 serikali ya Kenya iliibadili sheria, na wizi wa kutumia nguvu na silaha ukawa kosa la kunyongwa. Angekamatwa miaka michache baadaye, tusingekuwa na kitabu wala habari ya kuandika hapa. Wengine waliofuata nyayo zake hawakupata hata nafasi ya kusimama mahakamani. Katika miaka ya 1990 Wakenya walikuwa wakitaja majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta kama watoto wanavyotaja wachezaji wa mpira, na wote watatu waliuawa na polisi.

Hapo ndipo tuliposogea hadi Marekani. Vijana wetu waliuliza, na swali lao ni la haki: kwa nini watu humshangilia mwizi?

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na miaka iliyofuata ikaitwa Mdororo Mkuu. Maelfu ya benki yalifungwa milango. Mtu aliyeweka akiba yake ya miaka 30 alifika asubuhi akakuta kufuli, na kabla ya sheria ya mwaka 1933 hakukuwa na bima ya taifa ya kumrudishia. Mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Wakulima walinyang'anywa mashamba kwa sababu ya madeni ya benki. Tufani hiyo ilifika hata huku kusini kwetu. Bei ya mkonge iliporomoka, na vibarua waliozoea kutembea kwa miguu hadi mashamba ya Lindi kutafuta fedha za kodi wakakosa kazi, ilhali kodi ya mkoloni ilibaki pale pale. Wazee wa Malolo hawakuwa na benki ya kuchukia. Mradi wa karanga na reli ya Nachingwea vilikuja baadaye, baada ya vita. Lakini chuki ya kudaiwa na mtu usiyemwona waliijua vizuri.

Basi huko Marekani, mtu alipoingia benki na bunduki, maskini wengi walisema moyoni: aliyetuibia naye ameibiwa. John Dillinger alikuwa maarufu kuliko wezi wote wa wakati huo.

Alizaliwa Indianapolis mwaka 1903. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, kisha akahamia shambani karibu na mji mdogo wa Mooresville, na huko alikuwa shemasi wa kanisa. Mwaka 1924 kijana huyu, akiwa na mwenzake, alimvamia muuza duka wa mji ule aitwaye Frank Morgan na kumpiga kichwani kwa chuma kilichofungwa kitambaa. Mzee Morgan alikuwa akimfahamu.

Baba alifanya lile ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Alizungumza na mwendesha mashtaka, kisha akamwambia mwanawe akiri kosa, asiweke wakili, mahakama itamhurumia. Kijana alikiri. Alipewa kifungo cha kati ya miaka 10 na 20. Mwenzake aliyeweka wakili alipata kifungo kifupi, akatoka baada ya muda usiofika miaka miwili. Shemasi alirudi kwa hakimu kuomba kifungo kipunguzwe, lakini haikuwezekana.

Tulibishana sana juu ya jambo hili, na ubishi ule haujaisha. Mmoja wetu alisema baba alikosea, kwani ukweli bila wakili ni kumtupa mtoto mtoni. Mwingine alisema baba hakukosea kumwambia mwanawe akiri. Ungamo ni ungamo hata likileta maumivu, na aliyekosea ni hakimu aliyewapima wakosaji wawili wa kosa moja kwa mizani miwili. Mzee wetu mmoja, ambaye kwa kawaida hazungumzi mikutanoni, alisema kwamba baba alimpeleka mtoto mlangoni pa mahakama akadhani kazi imekwisha, kumbe ndipo ilipoanza. Tunaelekea kukubaliana na mzee huyo, ingawa tunajua ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa chini ya mkorosho miaka 90 baadaye.

Gerezani Dillinger alikutana na wezi wa benki waliokomaa, wakamfundisha. Baada ya karibu miaka tisa watu wa Mooresville waliandika ombi kwa gavana ili aachiliwe. Walitia sahihi watu 188. Miongoni mwa sahihi hizo ilikuwamo ya Frank Morgan, yule yule aliyepigwa chuma kichwani, na hakimu aliyemfunga aliliunga mkono ombi hilo. Mei 1933 akaachiliwa. Alipofika nyumbani alikuta mama yake wa kambo amefariki muda mfupi kabla hajafika.

Tarehe 21 Juni 1933 aliingia benki ya New Carlisle, Ohio, akatoka na dola zipatazo 10,000.

Kilichofuata kimeandikwa katika vitabu vingi na kuonyeshwa katika sinema, nasi tutakipita upesi. Alikamatwa Septemba. Oktoba wenzake walivunja mahabusu ya Lima kumtoa, na katika tendo hilo wakamuua mkuu wa polisi wa wilaya, Jess Sarber, mle mle mahali alipoishi na mkewe. Januari 1934 askari mmoja, William O'Malley, aliuawa kwenye wizi wa benki huko East Chicago, na Dillinger akashtakiwa kwa mauaji hayo. Machi alitoroka mahabusu ya Crown Point kwa kutumia bastola ya kuchonga kwa mti. Taifa lilicheka. Hakuna aliyecheka nyumbani kwa Sarber, wala kwa O'Malley, aliyeacha mke na watoto. Tunayataja majina haya mawili kwa makusudi, kwa sababu nyimbo na sinema huwa hazina nafasi ya kuyataja.

Sasa tazama maisha ya mkimbizi. Anabadilisha gari na namba za gari. Anapanga nyumba kwa jina la mtu asiyekuwapo, na jirani akimtazama mara mbili anahama usiku. Mwanamke aliyempenda, Billie Frechette, anakamatwa Aprili na kufungwa miaka miwili kwa kumficha. Mwezi wa Mei analipa madaktari wamkate uso na kuziunguza ncha za vidole kwa dawa ili alama zake zipotee. Fedha alizoiba zinaishia kwa wanasheria, madaktari na wenye nyumba waliojua bei ya kunyamaza. Sisi wenye mashamba ya ekari mbili tatu tulipiga hesabu tukaona kwamba katika miezi hiyo mtu huyu hakulala usingizi mzima hata mmoja wa aina ile tunayolala sisi baada ya kupalilia.

Na katikati ya hayo yote, mapema Aprili 1934, polisi wa nchi nzima wakimsaka, alikwenda kwa baba yake. Alifika shambani Mooresville, akala chakula na ndugu zake, akapigwa picha uani akiwa ameshika ile bastola ya mti mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, anatabasamu. Kisha akaondoka. Shemasi hakumpigia simu polisi. Ni nani kati ya wazazi wanaosoma haya atakayesema kwa hakika angelifanya nini? Maandiko yanatuambia kwamba baada ya Adamu kula tunda alijificha, na Mungu akamwita akimuuliza yuko wapi. Mungu alijua. Aliuliza ili yule aliyejificha asikie sauti yake mwenyewe akijibu. Labda mkimbizi yule alikuja nyumbani ili aulizwe yuko wapi, na nyumbani hawakuweza kumuuliza.

Tarehe 22 Julai 1934 maofisa wa serikali walimpiga risasi akitoka kuangalia sinema Chicago. Mwanamke aliyekuwa naye ndiye aliyemuuza. Alikuwa na miaka 31. Tangu benki ile ya New Carlisle ilikuwa miezi 13 na siku moja. Watu walichovya leso katika damu yake barabarani, na maelfu wakapanga foleni kuiona maiti. Baba alikwenda kumchukua mwanawe, akamzika Indianapolis, na baadaye akaagiza kaburi limwagiwe zege ili watu wasiifukue.

Sahihi 188 zilikuwa tendo la rehema, na hatumlaumu hata mmoja aliyetia. Frank Morgan hasa anastahili kukumbukwa kuliko mwizi wake. Lakini karatasi ile ilimfikisha Dillinger kwenye lango la gereza tu. Nje ya lango kulikuwa na nchi isiyo na kazi hata kwa watu wema, na marafiki pekee waliokuwa na mpango kwa ajili yake ni wale aliowaacha ndani. Alikuwa ameshawaahidi fedha za kuwatoa.

Waraka wa Paulo kwa Filemoni unafaa kusomwa hapa. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na wengi wanaamini alikuwa ameondoka na mali. Paulo hakumwambia Filemoni asamehe tu. Aliandika kwa mkono wake kwamba deni lolote la Onesimo aandikiwe yeye, naye atalipa. Zakayo naye hakuishia kusema amebadilika, bali alitaja mara ngapi atarudisha alichokitwaa. Katika Maandiko kurudi kwa mwizi kuna hesabu ndani yake, kuna fedha na majina ya waliodhulumiwa. Sisi tumezoea kurudi kwa machozi na makofi siku ya Jumapili, na Jumatatu aliyeibiwa anabaki na hasara yake.

Kiriamiti aliachiliwa Agosti 1984, baada ya kutumikia zaidi ya miaka 13. Kitabu chake kilikuwa kimetoka miezi michache kabla. Maisha yake baada ya hapo hayakunyooka kama mfano wa mahubiri. Mwaka 1987 alirudishwa gerezani, safari hii si kwa wizi bali kwa madai ya kuhusika na Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, wakati ambapo waalimu wa vyuo na wanafunzi wengi walifungwa kwa madai kama hayo. Akatoka mwaka 1990. Aliendelea kuandika: riwaya, habari za maisha ya gerezani, na gazeti huko kwao Murang'a. Hakubadili jina. Hilo ndilo tunalolistaajabia: mtu aliyeishi ujana wake kwa majina ya kuazima aliweka jina la baba yake kwenye jalada la kitabu kinachoorodhesha dhambi zake, akarudi kuishi miongoni mwa watu waliowajua walimu wale wawili. Wapo wanaosema vitabu vile viliwafundisha vijana wizi. Inawezekana vipo vichwa vilivyosoma hivyo. Lakini mtu anayefika hadi viboko vile 48 na kufunga kitabu akitamani kuwa Jack Zollo, huyo alikuwa na njaa nyingine kabla ya kukifungua.

Hatukuandika haya kwa ajili ya Kenya na Marekani tu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa huku aliondoka na fedha za wakulima wenzake. Zilikuwa fedha za ufuta, za watu tunaowajua kwa majina, Wakristo na Waislamu, wengine wajane. Alivuka Ruvuma, akakaa Msumbiji, akarudi, akafungwa. Sasa ametoka. Anakaa kwa bibi yake na hutoka jioni tu, watu wakishapika. Amekuja kanisani mara mbili na kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Katekista alipendekeza arudi kwenye kwaya, kwa sababu sauti yake ya besi haijapata mwingine wa kuiziba. Mama mmoja aliyepoteza fedha za ada za mwanawe alisimama akasema kwamba siku kijana huyo akipanda jukwaani, yeye atatoka nje. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei.

Baada ya jioni nyingi jumuiya imefika hapa: ekari moja na nusu ya shamba la kigango atapewa alime ufuta msimu ujao, mbegu zitatoka kwetu, na mavuno yatauzwa mnadani kama ya wengine. Orodha ya wanaodai imeandikwa, jina na kiasi, naye ameisoma na kuweka sahihi chini. Yule mama ndiye wa kwanza katika orodha. Suala la kwaya limewekwa kando hadi baada ya mnada, na mvua bado hazijaanza.